Maji ya Chini ya Brulere

Mwaka wa 1971 nilikuwa na miaka kumi na mbili. Ndio mwaka baba alikufa kwa ugonjwa wa tumbo, kwetu karibu na Lusangi, mpunga ukiwa bado shambani, na ndugu zake wakagawana shamba lile mama yangu akiwa amekaa palepale na matanga hayajaisha. Niliacha shule ya primere mwaka wa tatu. Sikukaa tena kwenye benchi la shule. Nasema hilo mapema ili mtu akikuta kosa la kuandika asijisumbue kunitafuta. Kosa ni la kwangu, asome mbele.

Mimi ni Mama Mauwa. Nimetunza brulere za laboratwari ya mawe kule Kabambare miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu. Brulere ni kile chombo kinachobeba moto na kuupa umbo. Ninyi mnaosoma kemia Kasongo mnazijua kwa picha ya kitabu. Mimi nazijua kwa vidole, na vidole vyangu viko na alama.

Lakini siandiki kwa ajili ya brulere peke yake. Mwaka uliopita niliitwa kwenye darasa lenu kama mgeni wa heshima. Nilipewa kiti chenye kitambaa na chupa ya fanta. Mwalimu wenu akawaambia: "Kuweni waangalifu. Musifanye kama yule Papa Ramazani wa laboratwari, aliyewasha moto bila kuangalia maji, akajipofusha mwenyewe." Mkainama wote, mkaandika kwenye madaftari. Mimi nikanywa fanta mpaka mwisho, nikashukuru, nikapanda pikipiki kurudi Kabambare.

Mlichoandika si kweli. Nitawaambia ilivyokuwa, halafu mkifute.

Nilianza kwa kuosha chupa. Kampuni ilikuwa ikitafuta zahabu na mawe mengine milimani. Mawe yalikuja ndani ya vifuko, yakasagwa, yakayeyushwa na asidi, na maji yake yakapimwa kwa moto. Kila chuma kiko na rangi yake ndani ya moto, na moto ukiwa mchafu au ukitikisika, rangi inadanganya. Hiyo ndiyo elimu yote. Iliyobaki ni usafi na masikio.

Papa Ramazani ndiye alikuwa mkuu wa moto. Mtu wa Kasongo, mrefu, mkavu, mtoto wa mpiga kasia wa Lualaba. Akiswali, hata Shefu wa laboratwari alingoja. Shule yake haikuipita ya kwangu sana. Mafundi wenye diplome walikuja na kuondoka, yeye alibaki, kwa sababu alisikia moto unataka nini kabla haujakohoa. Siku ya kwanza aliniita kutoka kwenye beseni.

"Weye mama wa chupa, kuja huku. Huu moto ni wa rangi gani?"

"Wa manjano, Papa."

"Moto wa manjano ni wa kupikia sombe. Fungua pua yake."

Ile ilikuwa bunseni, brulere ya kwanza ambayo kila mtu anaianza. Bomba moja limesimama, chini liko na tundu na pete ya kuzungusha. Pete ikifunga tundu, moto ni mlegevu, unatoa masizi. Ikifungua, hewa inaingia, moto unakuwa buluu na unasimama wima. Nikazungusha pete kwa haraka ya mtu anayetaka kusifiwa. Moto ukasema *pu*, ukapotea.

"Umezima?" nikauliza.

"Mimi sijazima. Weye umeufukuza. Umeingia ndani ya bomba, unawaka chini. Sikiliza, unapiga filimbi."

Nikashika bomba ili nisikilize vizuri. Alama hii ya kidole gumba ni ya siku ile. Papa Ramazani alinitia mkono kwenye maji ya beseni akicheka mpaka machozi, kisha akasema neno nililolishika: hewa ikizidi gesi, moto unarudi nyumbani kwake, na njia ya kurudi ni chini. Funga gesi, acha bomba lipoe, anza upya. Brulere zote mtakazozishika maishani ziko na ugonjwa huohuo wa moto kutaka kurudi chini. Zinatofautiana tu kwa namna zinavyouzuia.

Na kwa kuwa nimesema usafi, niwape kicheko kimoja, maana mbele hakuna vingi. Tulikuwa na waya mwembamba wa kuchovya kwenye maji ya jiwe na kuuweka ndani ya moto wa bunseni, tuone rangi. Asubuhi moja kila jiwe lilitoa manjano. Jiwe la mlima huu, manjano. La mto ule, manjano. Shefu akaanza kuandika barua ndefu. Papa Ramazani akatazama waya. Akachukua mkono wangu, akaunusa.

"Mama Mauwa, umekula nini?"

"Makayabu, Papa. Yalibaki ya jana."

"Shefu!" akaita. "Acha kuandika. Tumevumbua mgodi wa makayabu."

Chumvi ya samaki ilikuwa kwenye vidole vyangu, vidole vilishika waya. Chumvi kidogo tu, hata ya jasho, inafunika rangi nyingine zote. Tangu siku ile nilinawa kama daktari wa kupasua. Na jina langu likawa Mama Makayabu mwaka mzima, mpaka kwa wauza ndizi.

Zilikuwepo brulere nyingine. Ile ya wavu ilikuwa fupi na mdomo mpana, na juu ya mdomo uko wavu mnene wa chuma. Moto wake haukai kama ulimi, unatandikwa kama mkeka, na joto ni sawa pande zote. Hiyo tuliitumia kuchoma vikombe vya udongo, haikuwa ya kupimia rangi. Wavu unazuia moto usirudi chini, ila ukiacha uchafu kwenye matundu, utaona mkeka una mashimo.

Halafu ile ya kelele. Vijana, hamtaiona tena, na masikio yenu yashukuru. Ilikuwa na sindano katikati. Maji ya jiwe yalifyonzwa kwa sindano na kurushwa moja kwa moja ndani ya moto, yote, matone makubwa na madogo pamoja. Gesi na oksijeni zilikutana mdomoni tu, hazikuchanganyika chini, kwa hiyo haikuwa na hatari ya kurudi nyuma. Lakini kelele! Ungefikiri pikipiki kumi zimefungiwa jikoni. Sindano iliziba kila saa, moto ulirukaruka, hesabu ikawa ya kubahatisha. Ilitubidi kuongea kwa kupiga kelele. Papa Ramazani akaleta pale utaratibu wa kwao, wa watu wa mtumbwi, ambapo mmoja anaita na wengine wanaitikia ndipo kasia zinaingia majini pamoja. Yeye aliita, mimi niliitikia.

Shefu akaleta brulere mpya, ile ya mfereji. Ndiyo ambayo bado inatumika. Kichwa cha chuma kirefu, juu kimechanwa mstari mwembamba kama wa kisu, na moto unasimama juu ya mstari huo kama karatasi ya buluu. Kimya kabisa. Tuliitazama kama bibi arusi. Papa Ramazani aliifungua yote mezani na kunionyesha ndani. Chini ya kichwa kiko chumba. Humo hewa, gesi ya asetilene na mvuke wa maji ya jiwe vinachanganyika kabla ya kupanda. Matone makubwa hayapandi. Kati ya sehemu kumi za maji, tisa zinaanguka na kutoka kwa mpira chini ya chumba.

"Sasa weye mwenye akili," akaniambia, "kama maji yanatoka kwa huu mpira, gesi itashindwa kutoka?"

"Itatoka, Papa."

"Na ikitoka?"

"Moto utaifuata."

"Basi tunafunga mulango kwa maji." Akaupinda ule mpira ukafanya kitanzi kama shingo ya bata, akakijaza maji, mwisho wake akauingiza kwenye damujane, ule mtungi mkubwa wa kioo, chini ya meza. Maji mapya yakianguka yanapita, gesi haipiti. Mlango mzima wa usalama wetu ulikuwa yale maji ya ndani ya kitanzi.

Kichwa kirefu ni cha hewa na asetilene. Kiko na ndugu yake mfupi, mnene, wa gesi ile kali ya naitrasi. Msizibadilishe hata kwa mzaha, maana ule moto mkali unapita mstari mrefu na kushuka kabla hujafunga jicho. Mfereji ukiziba kwa chumvi, pitisha karatasi ngumu, usitumie kisu. Kuwasha, hewa inatangulia, gesi inafuata. Kuzima, gesi inatangulia. Na kabla ya yote hayo, maji. Papa Ramazani alitengeneza mwito wa kila asubuhi, na mimi nilikuwa mwitikiaji.

"Maji?"

"Iko, Papa."

"Hewa?"

"Iko."

"Gesi?"

"Iko."

Kisha anawasha. Miaka sita tuliimba hivyo. Mwanzoni nilikuwa nainama chini ya meza nikitazama kila mara kabla ya kujibu. Baadaye niliangalia nilipofika tu, nikajibu nikiwa popote. Yeye naye aliacha kuangalia, kwa sababu nilikuwa nimejibu. Hapo ndipo kazi yetu ilipooza, na hakuna aliyesikia harufu.

Mume wangu, Papa Yalala, alikuwa mchimbaji wa zahabu Salamabila. Mtu mwema, mwenye ndoto kubwa kuliko koleo lake. Wachimbaji wanaamini jambo moja mpaka leo: kila maji yaliyogusa zahabu yamebeba zahabu. Wanaosha mashati ya kazi kwenye beseni na kulala na lile beseni. Alipojua kwamba maji ya mawe yetu yanapita kwenye moto na mengi yanatoka chini, hakukaa kimya tena.

"Ile maji inaenda wapi?"

"Kwenye shimo. Shefu anapima damujane kwa chaki, anafunga na kufuli, wanaenda kumwaga yeye na mulinzi."

"Unaona! Kama haina kitu, kufuli ni ya nini?"

Nilikosa jibu. Leo nalijua: kufuli ilikuwa kwa sababu ya asidi. Siku ile nilikosa, na mtu akikosa jibu nyumbani kwake kila jioni, mwisho anaanza kufikiri kwa kichwa cha mwenzake. Nikakumbuka kwamba damujane inapimwa kwa chaki, lakini kitanzi cha mpira hakipimwi na mtu.

Jumamosi, wakati wa kufanya usafi, nilibaki peke yangu. Nikachomoa mpira, nikamimina maji ya kitanzi ndani ya chupa ya mafuta ya mawese. Nusu chupa. Nikarudisha mpira mahali pake. Nikatafuta maji ya kujaza, bidoni, dumu letu la maji, lilikuwa tupu, kilikuwa kiangazi na chemchemi iko mbali. Nikasema nitajaza Jumatatu kabla Papa Ramazani hajafika. Sikusahau. Mkiwaambia watu habari hii msiseme Mama Mauwa alisahau.

Jumapili baada ya misa tulichemsha yale maji nyuma ya nyumba, Papa Yalala akitia unga wa makaa na kukoroga kama mpishi wa harusi. Mvuke ukatukohoza, kuku wakakimbilia kwa jirani. Mwisho kwenye sufuria tukapata ukoko wa manjano, wa chumvi. Aliukwangua, akauweka kwenye karatasi, akaupeleka kwa rafiki yake mnunuzi. Rafiki alicheka. Papa Yalala alirudi, akalaza sufuria kifudifudi.

Jumatatu nilitoka mapema kwenda chemchemi. Nilikuta foleni ya akina mama na mabidoni, maji yanadondoka kama yanaombwa. Nilipofika laboratwari na bidoni kichwani, mashine ya hewa ilikuwa tayari inanguruma. Papa Ramazani amesimama mbele ya brulere, mgongo kwangu, kiberiti cha gesi mkononi. Alijua hatua zangu.

"Mama wa chupa, umechelewa. Maji?"

Watu wakiniuliza naweza kusema mdomo ulizoea. Ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni hii: nikisema hakuna, ataniuliza imeenda wapi. Nikahesabu kwamba kila asubuhi anapangusa vioo vya mashine ya kupimia rangi taratibu kabla ya kuwasha, nitapata nafasi ya kuchuchumaa na kujaza.

"Iko, Papa," nikasema.

"Hewa?"

"Iko."

"Gesi?"

"Iko."

Siku ile vioo alikuwa amekwisha kuvipangusa. Alikuwa amenisubiri. Nilikuwa natua bidoni nilipouona moto umesimama, karatasi ya buluu, mzuri, kimya. Na mimi badala ya kusema neno la kufaa, nikapiga kelele: "Papa, maji!"

Akainama chini ya meza kutazama maji.

Damujane ilikuwa imekwisha kujaa gesi. Moto ulishuka. Kioo na asidi vilimpata usoni, vyote, kwa sababu uso nilikuwa nimeuita mimi.

Shikeni hapa, vijana, hii ni ya kazi. Hatari ikija usitaje kitu, taja tendo. Ningesema "Zima!" mkono wake ungekwenda kwenye gesi wenyewe, uso ungebaki juu. Na chini ya brulere usiweke kioo kamwe, weka plastiki yenye mdomo mpana. Haya mawili nimeyafundisha watu wengi. Sikuwaambia niliyapata wapi.

Nilimwosha macho kwa maji ya bidoni niliyochota. Yote. Haikufaa kitu.

Hospitalini, Shefu alikuja na karatasi ya kuuliza kosa ni la nani. Nilikuwepo, nimeshika sahani ya uji. Kichwa cha Papa Ramazani kilikuwa kimefungwa chote, mdomo tu unaonekana. Nikajiambia, sasa atasema: nilimuuliza, akajibu iko. Ilikuwa haki yake.

"Kiangazi maji inakauka ndani ya mupira," alisema. "Mimi ndiye fundi, sikuinama kuangalia. Mama huyu ameona toka mulangoni, amenipigia kelele. Andika hivyo."

Shefu akaandika. Kisha akanigeukia, akanishika mkono, akasema: "Asante, Mama. Umejaribu."

Nilifungua mdomo. Nawaapia nilifungua. Uji ukanimwagikia, mwuguzi akaja kufuta, na Shefu alikuwa amekwisha kutoka.

Papa Ramazani alirudishwa kwao Kasongo bila kazi, kwa sababu karatasi ilisema kosa ni lake. Baada ya majuma mawili funguo za brulere nilipewa mimi. Mnasikia? Mimi, primere mwaka wa tatu. Watu wa Lusangi walikuja kuniona nimevaa koti jeupe, mama yangu akalia kwa furaha. Papa Yalala hakunitazama. Alikufa ndani ya shimo la Salamabila miaka michache baadaye, na habari ya chupa ile hatukuitaja hata mara moja.

Niliifanya kazi vizuri, sitajishusha kwa hilo. Sikuuliza tena maji kwa mdomo. Nilitia kidole ndani ya kitanzi kila asubuhi, na kila msaidizi wangu nilimlazimisha anionyeshe kidole kilicholowa. Waliniita mkali. Vita vikafunga laboratwari, nikalima. Kampuni nyingine ikaja, wakanitafuta mpaka shambani. Brulere zao zilikuwa na boya ndani ya kitanzi: maji yakipungua, mashine inakataa kuwaka. Kijana aliyekuwa ananionyesha alishangaa kuona natokwa na machozi kwa ajili ya boya la plastiki.

Kila mavuno nilimtumia Papa Ramazani kifuko cha mchele. Kila mara alirudisha salamu: "Mwambieni Mama wa chupa ninamushukuru, aliniita." Mchele ule ulikuwa unanirudia hivyo, mwaka baada ya mwaka.

Ndipo ikaja ile siku ya darasa lenu na fanta. Nilikaa Kabambare siku tatu, sikula sawasawa. Siku ya nne nikapanda pikipiki kurudi Kasongo.

Binti wa Papa Ramazani, Zuhura, alinifungulia. Mzee alikuwa amekaa barazani, kanzu safi, fimbo magotini. Nilikohoa.

"Huyo ni Mama Makayabu," akasema.

"Ndiyo, Papa."

"Umezeeka?"

"Sana, Papa. Meno yamebaki ya kuhesabu."

"Mimi sura yako niko nayo ya zamani. Kwangu ungali musichana. Shukuru." Akacheka. "Kaa. Wanasema siku hizi mashine yenyewe inakataa kuwaka kama maji hakuna?"

Nikamweleza boya. Aliuliza linakaa wapi, linagusa nini, likikwama je. Akatikisa kichwa taratibu. "Lingekuja mapema hilo," akasema, "lingenifichia uzembe wangu."

Hapo nikamwambia. Sikukaa, nilisimama. Nilimwambia chupa ya mawese, bidoni tupu, foleni ya chemchemi, na kwamba nilipojibu iko nilijua haiko.

Zuhura alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge.

"Maji ngapi?" mzee akauliza.

"Nusu chupa, Papa."

"Mukapata nini?"

"Ukoko wa chumvi."

"Ungeniuliza. Ningekwambia bure." Akaishika fimbo kwa mikono miwili. "Nilijua ulijibu iko. Nilisema mama anajibu kwa mdomo tu, kutia kidole ni kazi ya fundi. Miaka yote hii nilisema: Ramazani, maji ilikauka mbele yako na hukuiona, weye si mutu wa kazi. Mutoto wangu Salumu alitaka kusoma kemia. Nilimukataza. Nilimwambia damu yetu haina macho ya kazi ile. Zuhura, muite Salumu."

Salumu alitoka nyuma, mtu mzima mwenye mvi, mikono imejaa vumbi jekundu la matofali. Mzee akasema: "Sema tena, mbele yake."

Nikasema tena. Ilikuwa ngumu kuliko mara ya kwanza. Salumu alinitazama, akatazama mikono yake.

"Na ule mchele?" akaniuliza. "Tulikuwa tunakula ule mchele na kukuombea, Mama."

Mzee akainua mkono kumzuia Salumu.

"Macho siyaombi," Papa Ramazani akasema. "Lakini kazi yangu ulikaa nayo. Leo umeirudisha. Imechakaa, ila ni yangu, nitakufa nayo. Sasa wale watoto wa shule, waandikie. Waandikie kwamba maji haikukauka. Halafu usirudi hapa tena."

"Nisamehe, Papa."

"Nimekwambia andika. Hilo lingine sijakwambia."

Zuhura alinifungulia lango bila kuniangalia. Mvua zilipoanza, nikasikia kwamba mzee amefariki. Nilikwenda. Nilisimama ng'ambo ya barabara mpaka walipombeba kupita, nikarudi.

Basi futeni kwenye madaftari. Papa Ramazani hakujipofusha. Alikuwa fundi wa moto aliyemwamini msaidizi wake, na msaidizi alikuwa ameiba maji.

Leo mali yangu ni hii. Nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, mabati juu. Shamba moja la mihogo na kipande cha bonde la mpunga, nilivyonunua mwenyewe. Mbuzi watano. Baiskeli isiyo na breki ya nyuma. Redio. Vitanda viwili, magodoro mawili. Watoto watatu walio hai. Na barua ya kampuni yenye mhuri, ndani ya sanduku, inayosema kwamba Mama Mauwa ni mfanyakazi mwaminifu.